Sarafu Niliyoisugua kwa Majivu

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo imekaa ndani yangu kuliko hata siku ya arusi yangu. Nilikuwa na miezi minne tu katika boma hili la Kiptere, bado mgeni, bado najifunza ng'ombe yupi hupiga teke na mlango upi hulia ukifunguliwa. Siku hiyo niliharibu kitu ambacho hakuna fundi angeweza kukirudisha jinsi kilivyokuwa. Na nilikiharibu nikiwa na moyo mweupe kabisa, nikiimba wimbo wa kanisa.

Kwanza ujue nilikotoka. Mimi ni wa upande wa Mogogosiek, na mama aliyenizaa alikuwa mtu wa usafi mpaka majirani wakamwogopa. Sufuria zetu zilianikwa kwenye kichanja uani, na jua likizipiga, mtu aliyekuwa akipita barabarani alilazimika kugeuza uso. Mimi ndiye niliyezisugua. Majivu, mchanga laini, na yale majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Mama alikuwa akigeuza sufuria, anaangalia sehemu ya chini kwanza, kisha anaitikia kwa kichwa. Kile kichwa kikiitikia, mimi nilishiba siku hiyo. Kwa hiyo nilipoolewa nilikuja na nguo zangu, blanketi mbili, na ufundi huo mmoja wa kusugua.

Mume wangu Kiprono alikuwa mtoto wa pekee wa mama mjane. Nilimwita Mama tu, kwa sababu katika nyumba yetu mke wa kijana hakutaja jina la mama mkwe wake, wala mbele ya watu wala akiwa peke yake kisimani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, asiyecheka ovyo. Hakunitesa hata siku moja. Lakini pia hakuniita kwa neno lolote la karibu. Alikuwa akisema, "Wewe, maji yamechemka." "Wewe, ndama amefunguka." Na mimi, kama msichana yeyote aliye ugenini, nilikuwa nikitafuta njia ya kuingia moyoni mwake.

Mama alikuwa na kifuko cha ngozi, kimening'inia kwenye nguzo ya kitanda chake. Ndani yake mlikuwa na shilingi tano za zamani, za wakati wa Mwingereza, zenye kichwa cha mfalme upande mmoja na simba upande mwingine. Kila Jumapili baada ya ibada aliketi mlangoni, akatoa moja, ile ile moja kila mara, akaipitishia kidole gumba polepole, kisha akairudisha. Zile nne nyingine hakuzishika sana. Mara moja moja alizipaka mafuta ya ng'ombe, akiamini mafuta yatazilinda, na kwa ajili ya mafuta hayo zilikuwa zimeota ukoko wa kijani, mzito, hata simba haonekani vizuri.

Sikumuuliza ni za nini. Niliona aibu. Nilifikiri ni akiba ya uzee, na nikafikiri tena, maskini, hana mtu wa kumsafishia.

Basi Jumamosi hiyo Mama alikwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Jumapili ya wiki iliyofuata wazee wa kanisa walikuwa waje nyumbani kutuombea, mimi na Kiprono. Nikafagia chumba cha Mama, nikakiona kifuko, na wazo likaniingia. Nikawaza, nizing'arishe, nizipange kwenye sahani ya kioo ndani ya kabati la sebuleni, wageni waone, na Mama ajue kwamba mwanawe ameoa mtu anayejua kazi. Nikakishusha kifuko, nikaenda nacho uani.

Nilianza na ile aliyoipenda, kwa sababu haikuwa na ukoko. Niliilowesha katika maji ya ndimu na chumvi, nikangoja kidogo, nikaichovya kwenye majivu, nikasugua. Mwanangu, iling'aa! Iling'aa kama jino la mtoto. Nikafurahi, nikaongeza nguvu. Nikachukua yale majani. Na hapo ndipo weupe ulipoanza kuondoka. Chini yake kulikuwa na rangi nyingine, ya manjano inayoelekea wekundu, kama kijiko cha bei rahisi kilichotumika miaka mingi. Nikadhani ni uchafu uliobaki. Nikasugua zaidi, ili niuondoe.

Mvua ilikuwa imeanza kujikusanya upande wa vilima, na mkutano ulivunjika mapema. Sikumsikia Mama akiingia. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mbele yangu, na zile shilingi nne za kijani zilikuwa zimepangwa kwenye trei zikingoja zamu yao kwenye ndimu.

Nikasimama, nikampa ile iliyong'aa kwa mikono miwili.

Akaipokea. Akaipitishia kidole gumba. Akaigeuza, akapitisha tena. Akaigeuza mara ya tatu. Kisha akaniangalia bila hasira yoyote, kama mtu aliyepotea njia.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ni yenyewe, Mama. Nimeisafisha."

"Hapana. Hii si yangu. Yangu iko wapi?"

"Ni hiyo, Mama. Nimeisugua tu ikawa safi."

Akaketi palepale juu ya kigogo cha kupasulia kuni, na koti lake la kanisa, na mvua ikaanza kudondoka. Hakulia. Alizidi tu kupitisha kidole, huku na huku, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango. Mimi sikuelewa nimefanya nini. Mwishowe akafungua kitambaa cha kichwa, akafunga shilingi zote tano, akaingia ndani. Jioni alikamua ng'ombe mwenyewe, kazi ambayo alikuwa ameniachia tangu nifike. Mimi nikafunga nguo zangu kwenye blanketi. Niliamua kukikucha nirudi Mogogosiek, nikamwambie mama yangu kwamba nimeshindwa.

Asubuhi nilimkuta Mama jikoni amekwisha kuwasha moto. Aliuona mzigo wangu mlangoni. Akanisogezea kiti.

"Kaa," akasema. "Wewe ulitaka kunifurahisha. Hilo nimeliona, na nimelilalia. Lakini hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia. Sasa sikiliza, mwanangu, ujue ulichokifuta."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu. Nilianza kulia hata kabla hajaanza kusimulia.

Akanieleza kwamba mumewe, Kipkoros, alichukuliwa jeshini wakati wa vita vile vya Burma, Kiprono akiwa bado ananyonya. Kambini alifundishwa kusoma na kuandika, yeye ambaye hakuwahi kuketi darasani. Alirudi nyumbani mara moja tu, kwa siku chache, na siku ya kuondoka Mama alimsindikiza kwa miguu mpaka stesheni ya Fort Ternan, mtoto mgongoni, mwendo wa kulala njiani. Pale stesheni wanajeshi walikuwa wengi, kila mmoja na watu wake. Kipkoros akatoa kitambaa cha kaki kilichofungwa, ndani mna shilingi tano. Akachukua moja, akashika kidole gumba cha mkewe, akakipitisha juu ya mfalme, mahali palipokuwa na mkwaruzo mdogo uliochorwa kwa sindano.

"Akaniambia, 'Hii ni mimi,'" Mama alisema. "'Hii inaitwa K. Ukiigusa, unanigusa mimi.' Halafu akaanza kutafuta nyingine ndani ya kitambaa, alitaka kunionyesha kitu. Treni ikapiga honi. Wakaanza kusukumana. Akafunga kitambaa chote akanitia mkononi, akaruka akaingia."

"Na hakurudi, Mama?"

"Chifu alileta habari. Hatukupata kaburi. Picha hakuwahi kupigwa. Kiprono hamjui baba yake alikuwa na sura gani. Ile K ndiyo niliyokuwa nayo."

Mwanangu, nimezika watu wengi tangu siku hiyo, na bado sijasikia maneno mazito kuliko hayo. Niliangalia vidole vyangu, vilikuwa bado na majivu kwenye kucha. Mama akainuka, akauchukua mzigo wangu mlangoni, akaurudisha chumbani kwetu mwenyewe.

Sasa nikawa na shida ya mtu mwenye hatia. Sikuweza kukaa na kosa bila kulifanyia kitu. Siku ya soko nikamwomba Mama anipe ile shilingi niliyoisugua. Sikumwambia kwa nini, naye hakuniuliza, akanipa. Pale sokoni Kiptere palikuwa na fundi wa saa, mtu wa kutoka upande wa ziwa, jina lake Odhiambo. Alikuwa na meza ndogo chini ya kibanda cha mabati, na lenzi nyeusi aliyoishikilia kwa jicho, na vidole virefu kama vya mtu apigaye kinanda. Watu walisema anaweza kuandika jina kwenye kalamu ya chuma. Mimi nilikwenda kwake na udanganyifu wangu umeiva kabisa.

"Mzee, naomba uniandikie K hapa, ndogo sana, karibu na shingo ya mfalme. Ionekane ni ya zamani."

Akaiweka kwenye lenzi. Akaigeuza, akairudisha upande wa mfalme. "Nani aliisugua hii?"

"Ni mimi."

"Kulikuwa na K hapa?"

Machozi yakanitoka, nikamweleza yote, pale pale mbele ya wateja wake.

Odhiambo akatoa lenzi. "Msichana wangu, K naweza kuandika. Kazi ya dakika tano. Lakini hiyo itakuwa K yangu mimi, si ya yule askari. Yule mama ameshika hiyo alama miaka hii yote. Unafikiri utamdanganya macho, sawa, lakini kidole utamdanganya?"

Nikainamisha kichwa.

Akaanza kunieleza, taratibu, kama anayemfundisha mtoto wake. Alisema zile shilingi za zamani si fedha tupu, ile fedha ya madini. Ndani ni shaba iliyochanganywa na fedha kidogo, na weupe wote umekaa juu, mwembamba kama utando unaoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa. Ndimu inakula utando huo. Majivu yanaukwangua. Ukiisha kuondoka, umeondoka. Mambo hayo alijifunza kwa sonara mmoja Mhindi, Kisumu, ambaye yeye Odhiambo alimfagilia karakana miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kugusa kitu.

"Zingine ziko wapi?" akauliza.

"Ziko nyumbani. Zina ukoko wa kijani."

"Huo ukoko utaendelea kuzila. Ziletwe. Lakini usizilete wewe. Aje nazo mwenyewe."

Hiyo, mwanangu, ndiyo safari iliyokuwa ngumu kuliko zote, kutoka sokoni mpaka nyumbani, kwenda kumwambia Mama kwamba nilitaka kumdanganya kidole. Nilimwambia. Alikuwa akichambua mboga. Aliendelea kuchambua mpaka kikapu kikajaa, halafu akasema, "Huyo fundi ni mtu wa kweli. Twende."

Siku ya soko iliyofuata tukaenda naye. Nilidhani Odhiambo atachukua shilingi nne afanye kazi yake. La. Alitutazama sisi wawili, akasema kazi kubwa ni yetu, ya kungoja. Kwanza tuzioshe kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo tu ya mche, kwa ncha za vidole, tuondoe yale mafuta. Kisha tukinge maji ya mvua, si yale ya kutoka kwenye mabati, yale yanayoanguka moja kwa moja kwenye beseni la enameli katikati ya uwanja. Tuzilaze humo, kila moja mahali pake zisigusane, na kila siku tubadilishe maji. Tusisugue. Tukiona hamu ya kusugua inatujia, twende tukachume chai.

Mama alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo.

Basi tukawa na kazi moja, mimi na yeye. Mvua ya mchana ikija tulikimbia wote wawili kuweka beseni. Asubuhi tulimwaga maji ya zamani, yakiwa na rangi ya kijani hafifu kama chai ya majani mabichi, tukaweka mapya. Na kwa kuwa kungoja kunataka mazungumzo, Mama alizungumza. Nilijua Kipkoros alikuwa akitembea akipiga mluzi. Nilijua alimwogopa bata. Kiprono alikuwa akirudi kutoka kazini anatukuta tumeinamia beseni, anasimama nyuma yetu akisikiliza habari za baba yake, habari ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kuzisikia, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ameuliza.

Siku ya soko ya tatu, tulipeleka zote nne kwa Odhiambo. Ukoko ulikuwa umelegea. Akachukua kijiti cha mwanzi alichokichonga kikawa chembamba kama sindano. Mwanzi, kwa sababu ni laini kuliko fedha, akasema, nao utavunjika kabla haujakwaruza. Akaitia shilingi kwenye tone la maji, akaweka lenzi, akaanza kuondoa ukoko chembe kwa chembe. Ya kwanza, mfalme tu na simba. Ya pili, vivyo hivyo, na kijidoa kimoja alichokataa kukigusa. "Hiki kikitoka kitatoka na ngozi. Kikae." Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono mapajani, akiangalia watu wa soko.

Katika ya tatu, kijiti kikasimama.

"Kuna maandishi hapa," Odhiambo akasema.

Akaongeza tone la maji. Akaendelea, polepole kuliko mwanzo, mpaka nikaona jasho kwenye paji la uso wake ingawa kulikuwa na baridi.

"Ameandika kwa sindano. Herufi ndogo ndogo, zimezunguka kichwa cha mfalme. T. A. P." Akasafisha. "U. T. A. Hii ni N, ameiandika kinyume, inaangalia huku. Halafu I." Akatoa lenzi, akatuangalia. "Taputani. Huyu Taputani ni nani?"

Mimi nikaziba mdomo kwa mkono. Nilijua ni nani, jina hilo nililisikia kwa majirani siku ya kuletwa, lakini sikuwa na ruhusa ya kulitamka. Nikamgeukia Mama.

Alikuwa amesimama. Kitambaa chake kilikuwa kimeteleza mabegani wala hakukirekebisha.

"Ni mimi," akasema.

Odhiambo akainuka kutoka kwenye kiti chake, mtu mzima na mvi zake, akamwekea ile shilingi kwenye kiganja kwa mikono miwili. Mama hakujua kusoma hata herufi moja. Akaniambia, "Nionyeshe inapoanzia." Nikashika kidole chake gumba, nikakiweka kwenye T, nikakipeleka taratibu, tukazunguka mfalme wote mpaka I. Akataka tena. Tukazunguka tena. Watu waliokuja kuchukua saa zao walisimama wakangoja, hakuna aliyelalamika.

Odhiambo alikataa malipo. Mama akampelekea kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kila siku ya soko mpaka yule mzee aliporudi kwao ziwani uzeeni.

Mwaka huo Mama alijifunza kuandika jina lake. Mimi ndiye niliyemfundisha, kwa mkaa juu ya kipande cha ubao, lakini hakutaka kuiga maandishi yangu. Aliiga ya kwenye shilingi. Karani wa kanisa alipofungua kitabu cha waumini akamwambia, "Mama, hii N umeigeuza, na mwishoni tunaweka Y," Mama alimjibu kwa upole, "Aliyeniandika aliandika hivi." Akaandika hivyo mpaka alipokufa.

Lakini sitakudanganya, mwanangu. Ungependa nikuambie kwamba jina lile lilifuta kosa langu. Halikulifuta. Jumapili mlangoni alianza kuzitoa shilingi mbili, ile ya jina, na ile niliyoisugua. Ya jina aliisoma kwa kidole, akatabasamu. Ile nyingine aliishika pia, na kidole kikaenda pale pa K, kikatafuta kidogo, kikaacha. Alinipenda, nami nilijua ananipenda, na kidole bado kilitafuta. Mambo yote mawili yalikaa nyumba moja mpaka mwisho.

Ndiyo maana nakusemesha leo. Juzi nimeonyeshwa kwenye simu kijana akitia sarafu za kale kwenye karatasi ya foili na magadi na maji ya moto, zinachemka povu, zinatoka zinang'aa, na watu wanampigia makofi. Wengine wanatumia dawa ya meno. Wengine soda. Wengine siki. Moyo wangu uliruka. Sarafu yenye fedha juu na shaba ndani haitaki vitu hivyo hata kimoja. Ikikufikia mkononi, ya bibi yako au ya mtu mwingine, iache kwanza. Iangalie kwenye mwanga, pande zote mbili. Mtafute anayeijua historia yake umwulize, hata kama ni mzee anayerudia maneno, hata kama utachelewa. Ikiwa ni lazima iguswe, basi maji safi ya mvua, au yale ya mvuke uliopozwa, yasiyo na chumvi, wanayouza dukani, sabuni kidogo kama ina mafuta, na siku nyingi za subira. Uikaushe kwa kuibonyeza na kitambaa laini cha pamba, usiipanguse. Uishike kwenye kingo. Weusi wa uzee uuache, huo si uchafu, ni blanketi yake. Doa likikataa, liheshimu. Na ukishindwa, mpelekee fundi anayekwambia ukweli, yule ambaye neno lake la kwanza ni kwamba kuna jambo haliwezekani.

Sasa niseme na lile jingine, kwa maana najua umekuja kuniaga, hukuja kwa ajili ya shilingi tu. Utaingia katika nyumba za watu, mwanangu. Utaolewa, au utaoa, au utapewa kazi mahali ambapo wengine walikuwa kabla yako. Utakuta vitu vyao vimechakaa, na desturi zao zimeota ukoko, na mikono yako itawasha kwa hamu ya kutengeneza. Hamu hiyo si mbaya. Lakini uliza kwanza. Sema, "Mama, hii ni nini?" na unyamaze mpaka ajibu. Mimi ningeuliza swali hilo moja mlangoni siku ya Jumapili, Kipkoros angebaki na herufi yake. Na ukiwa umekwisha kukosa, usitafute fundi wa kukufichia. Rudi nyumbani ukaseme. Utaona aibu, na aibu itapita. Huenda ukakuta yule uliyemkosea anangoja tu mtu wa kukaa naye karibu na beseni la maji.

Haya, sogea hapa nikushike kichwa. Mungu aliyetulea katika nchi hii ya baridi akutangulie uendako. Akupe masikio yanayosikia kabla mdomo haujasema. Akupe wazee wasiochoka kukusimulia, na wewe akupe miguu ya kuwarudia. Nyumba yako isipungukiwe maziwa, wala kicheko, wala mtu wa kukungoja njiani. Uzae, ulee, uzeeke, na siku utakapokuwa unasema polepole kama mimi, apatikane mtoto wa kuketi akusikilize mpaka mwisho. Nenda salama, mwanangu.